Juu ya Moshi Unaounguruma: Kamera Ikae Mbele, Ninyi Shikaneni Mikono

Wapendanao wengi wakipanga safari ya Victoria Falls siku hizi, jambo la kwanza kuulizana si hoteli wala nguo za kuvaa. Ni helikopta. Tunapanda au hatupandi? Na kabla swali hilo halijajibiwa linakuja la pili: nani atachukua video?

Usicheke, mpenzi msomaji. Swali hilo la pili limenunisha watu kwenye fungate. Mmoja anataka ashike simu tangu mapanga yanaanza kuzunguka mpaka yanaposimama. Mwenzake anataka waangalie pamoja, washikane mikono, wasimuliane. Wakirudi nyumbani wana video ya dakika kumi na tano inayotetemeka, kioo kimejaa sura ya mpigaji mwenyewe, na sauti ni ngurumo tupu ya injini. Maporomoko yapo, ila kwa mbali, nyuma ya kidole gumba.

Mwezi huu tunakupeleka Livingstone, Zambia, kwenye helikopta inayoruka juu ya maporomoko hayo, na tunakuweka mbele kabisa, chumba cha rubani. Huko ndiko video nzuri zinakotengenezwa. Na huko ndiko mimi na mume wangu tulikojifunza kitu ambacho hakikuwemo kwenye tiketi.

MAHALI PENYEWE

Tuanze na jina. Wenyeji walipaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaounguruma. Sikiliza hilo neno la kwanza: mosi, moshi. Mswahili hahitaji mkalimani hapo, lugha zetu ni ndugu. Na ni moshi kweli kwa kuutazama, maana manyunyu ya maji yanayopiga mwambani hupanda angani mamia ya mita, na maji yanapokuwa mengi unayaona ukiwa bado uko mbali sana, kabla hujasikia chochote.

Mto Zambezi unafika hapo ukiwa mpana na mpole, umejaa visiwa, viboko wamelala. Halafu ghafla ardhi inaisha. Maji yanaanguka kwenye ufa wenye upana wa mita 1,708 na kina kinachofikia mita 108. Yakishaanguka hayana pa kutawanyika. Yanabanwa kwenye njia moja nyembamba, yanaingia kwenye makorongo yanayokwenda kushoto, kulia, kushoto tena, kama mtu aliyekunja karatasi. Kila korongo unaloliona hapo ni mahali ambapo maporomoko yaliwahi kuwa zamani za kale. Mto umekuwa ukiula mwamba taratibu na kurudi nyuma. Hata sasa bado unaula, upande wa magharibi, mahali panapoitwa Devil's Cataract.

David Livingstone alifika hapo Novemba 1855, akiongozwa na wenyeji kwa mitumbwi, akapapa jina la malkia wake. Sisi wa pwani tunamjua kwa upande wa pili wa hadithi: alipofariki mwaka 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo, akina Chuma na Susi waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ukisimama kwenye kingo za Zambezi ukakumbuka umbali huo, unawavulia kofia wale vijana kuliko unavyomvulia yeye.

Livingstone aliandika kuhusu malaika waliopita juu ya maporomoko hayo. Ndiyo sababu safari hizi za helikopta huitwa Ndege ya Malaika mpaka leo. Biashara nzuri hiyo, maana nani hataki kuwa malaika kwa dakika kumi na tano?

Na kuna sababu ya maana ya kupanda juu. Maji yanapojaa, kilele chake mara nyingi ni Aprili, ukiwa chini huoni kitu. Unalowa mpaka nguo za ndani, mbele yako ni ukungu mweupe na ngurumo. Wakati huo ni kutoka angani tu ndipo unaona umbo zima la ule ufa. Oktoba na Novemba ni kinyume chake: maji yamepungua, upande wa Zambia sehemu kubwa ya mwamba iko wazi, unauona vizuri ukiwa chini, lakini kutoka juu makorongo yanaonekana kama mchoro wa mwalimu wa jiografia.

KITI CHA MBELE HAKICHAGULIWI KWA MAPENZI

Hapa ndipo wapenzi wengi wanapopata mshtuko wa kwanza. Kabla ya kupanda mnapimwa uzito, kila mtu peke yake, na mzani hausemi uongo. Siku hiyo mume wangu aligeuka kuangalia bustani kwa bidii sana wakati kilo zake zinaandikwa.

Si kwa nia ya kumuaibisha mtu. Helikopta ndogo inaning'inia kwenye mapanga yake kama kapu linavyoning'inia kwenye mkono. Ukiweka mizigo yote upande mmoja, kapu linalala. Kwa hiyo wanaopanga viti wanaangalia kilo, si pete ya ndoa. Helikopta aina ya Robinson R44 inabeba rubani na abiria watatu, Bell 206 JetRanger rubani na wanne, na zile za AS350 rubani na watano au sita. Mwepesi anaweza kuambiwa akae mbele na mzito nyuma, au kinyume chake. Ninyi mliolipa ili mshikane mikono mnaweza kujikuta mmekaa safu mbili tofauti, mnaongea kwa vipokea sauti vya masikioni.

Ndivyo ilivyotokea kwetu. Mimi mbele, yeye nyuma yangu. Tulikwenda kusherehekea miaka mitano ya ndoa na picha niliyokuwa nayo kichwani ni vichwa viwili dirisha moja. Wapi!

Lakini kiti cha mbele kina zawadi yake, na si dirisha kubwa tu. Ni kumwona mtu akifanya kazi. Kwenye ndege za kawaida nahodha hukaa kushoto. Kwenye helikopta nyingi rubani hukaa kulia, na abiria wa mbele anakaa kushoto kwake, karibu kabisa. Mkono wake wa kulia umeshika mshikio ulioko katikati ya magoti, unaoamua helikopta ilale upande gani. Mkono wa kushoto uko kwenye mshikio mwingine pembeni ya kiti, unaopandisha na kushusha. Miguu iko kwenye pedali mbili, zinazoongoza panga dogo la mkiani ili helikopta isijizungushe yenyewe kama pia. Mikono miwili, miguu miwili, vyote vina kazi kwa wakati mmoja. Halafu huyo huyo anaongea na waongoza ndege, anaangalia helikopta nyingine ziko wapi, na anakuonyesha tembo.

Ukitazama vizuri utaona kwamba mikono hiyo karibu haiendi popote. Ni vidole tu, kama mtu anayeshika yai. Sisi tunaofikiri kazi ni kutoa jasho tungejifunza hapo. Na ndiyo maana video iliyochukuliwa kutoka chumba cha rubani ina utamu ambao ya dirishani haina: unaona dunia inapinduka mbele ya kioo, na unaona vidole vilivyoipindua.

DAKIKA KUMI NA TANO

Safari fupi huwa ya dakika kumi na mbili hadi kumi na tano. Ile ndefu, ya karibu nusu saa, inakushusha mpaka kwenye korongo la Batoka, kuta za mawe meusi pande zote mbili.

Mwanzo hakuna ajabu. Vichaka, nyumba, barabara. Kisha mto, mpana kuliko ulivyotarajia, na visiwa vyake vya kijani. Rubani wetu alituonyesha viboko, tukajibu ndiyo, mimi nikiwa naona mawe tu. Moshi ulikuwa mbele yetu muda wote, lakini unasogea taratibu kiasi kwamba akili inauzoea.

Halafu anailaza helikopta. Hapo kioo cha mbele kinajaa ule ufa wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na daraja linaonekana kama kipini cha nywele. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1905, liko mita 128 juu ya maji, upande huu Zambia, upande ule Zimbabwe, na treni juu yake ni uzi. Nilishusha pumzi kwa sauti, nikajisikia mwenyewe masikioni, maana maiki ilikuwa mdomoni.

Rubani anazunguka kushoto, kisha anarudi kulia, ili kila upande upate zamu yake. Hili wengi hawalijui, ndiyo maana unaona watu wanavunja shingo kupiga picha kupitia dirisha la mwenzao. Tulia. Zamu yako inakuja.

Jua likiwa nyuma yako utaona upinde wa mvua ndani ya manyunyu. Ukiwa ardhini unauona nusu, kama tao. Ukiwa angani unaweza kuuona mduara mzima. Asubuhi utafute magharibi, alasiri utafute mashariki.

Nilimuuliza mume wangu kwa maiki, "Unaona?"

"Naona, naona," akajibu. "Kuzuri mno."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Sikugeuka. Unageukaje wakati kitu kama kile kiko mbele yako?

NILICHOKIONA KWENYE VIDEO

Kampuni nyingi za utalii wa helikopta, si Afrika tu, hufunga kamera ndogo ndani ya helikopta: moja inatazama mbele kupitia kioo cha rubani, nyingine imegeuziwa abiria. Ukishuka unauziwa video. Tulisita kidogo kwa sababu ya bei, mwishowe tukanunua.

Usiku ule hotelini tukaifungua kwenye kompyuta. Ile ya kutazama mbele ilikuwa nzuri. Ile ya kutazama ndani ndiyo iliyotunyamazisha. Ninaonekana mimi, mdomo wazi kama mtoto aliyepewa barafu. Anaonekana rubani, ametulia. Na nyuma yangu anaonekana mwanaume wa miaka thelathini na nane, macho ameyafumba kabisa, mkono mmoja umeng'ang'ania mgongo wa kiti changu. Kwenye sauti mimi nauliza, "Unaona?" Na yeye, macho yakiwa yamefungwa, anajibu, "Naona, naona. Kuzuri mno."

Nilicheka kwanza. Yeye pia akacheka. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anaogopa.

"Mama, ningekwambia ungepanda?"

Nisingepanda. Alijua hivyo. Alikuwa ameweka akiba tangu mwaka uliotangulia, na aliona ni bora aogope dakika kumi na tano kuliko mimi nikose. Kama mmoja wetu angekuwa ameshika simu dirishani, jambo hili nisingelijua mpaka leo. Ningekuwa na picha nyingine ya maporomoko, na intaneti imejaa picha hizo, tena za wapigaji hodari kuliko mimi na wewe.

Ameniruhusu kuyaandika haya, kwa sharti nitaje kwamba alifumbua macho mara mbili.

Hapo ndipo tunapotaka ufike nasi, msomaji. Mkiwa angani, kitu cha thamani mara nyingi hakiko nje ya dirisha. Kiko kiti cha nyuma. Kamera iliyofungwa mbele inaviona vyote viwili, na mikono yenu inabaki huru.

KAMA LAZIMA UCHUKUE MWENYEWE

Tunajua wapo ambao hawawezi kukaa bila kamera, na helikopta nyingine hazina mtambo wa video. Basi fanya vizuri. Haya ni mambo ambayo wanaochukua video za angani wanayajua, na hayahitaji fedha nyingi.

Vaa nguo za giza. Shati jeupe au la njano litajiona lenyewe kwenye kioo, na utatumia dola zako kupiga picha ya shati lako. Mwambie na mwenzako.

Sogeza lenzi karibu na kioo, lakini usiiguse. Mwili wa helikopta unatetemeka muda wote, na chochote kinachoegemea hapo kinatetemeka nao. Viwiko visiguse mlango wala kiti. Viache hewani, mwili wako ndio uwe springi.

Acha kuvuta picha karibu. Ukivuta maporomoko yasogee, na mtetemo unasogea. Picha pana inasamehe mengi.

Funga mwanga na umbali kwenye simu yako kabla hujaanza. Simu ikiachiwa iamue, itashika mikwaruzo ya kioo badala ya mto, au itapima giza la ndani na kuufanya mto uwe karatasi nyeupe. Gusa mto kwenye skrini, shikilia mpaka ijifunge.

Filta ya kupunguza mng'ao, ile inayopendwa na wapiga picha baharini, iache begini. Vioo vya helikopta ni plastiki ngumu, na filta hiyo huvitia madoa ya rangi kama mafuta juu ya maji.

Usishangae mapanga yakionekana yamepinda kama ndizi. Hayajapinda. Kwenye helikopta hizi panga kuu huzunguka karibu mara 400 kwa dakika, na simu yako inasoma picha mstari kwa mstari, si yote kwa pamoja. Ikifika mstari wa mwisho panga limeshahama.

Na sauti? Maiki ya simu itakupa ngurumo. Wajanja huchukua maiki ndogo ya kubana shatini na kuiweka ndani ya kipokea sauti, pale sikioni, ndipo wanapata maongezi safi ya rubani na wenzao. Omba ruhusa kwanza. Sauti ya mwenzako akishangaa ina maana kuliko muziki wowote utakaobandika baadaye.

Kisha weka kikomo. Chukua dakika tatu: kuondoka, mzunguko mmoja juu ya maporomoko, kutua. Zinazobaki ni za macho.

KAMERA SI MZIGO MDOGO

Sehemu hii isomwe na wale wanaopenda kujitosa. Ndani ya chumba cha rubani, kamba ya kamera, mkanda wa begi au simu iliyodondoka si uchafu tu. Karibu na miguu na mikono ya abiria wa mbele vipo vitu ambavyo helikopta inaviishi.

Tarehe 11 Machi 2018, jijini New York, helikopta aina ya AS350 iliruka bila milango, maalumu kwa wateja waliotaka kupiga picha za jiji. Abiria walikuwa wamevishwa mikanda ya ziada ili wasidondoke. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba kamba ya mkanda wa abiria wa mbele ilinasa kwenye mshikio wa kufungia mafuta ulioko sakafuni. Injini ikazimika, helikopta ikaangukia mto East River na kupinduka. Rubani alitoka. Abiria wote watano, wakiwa wamefungwa na mikanda ile, walikufa maji. Walipanda kwa ajili ya picha.

Na kuna hadithi nyingine, ya zamani zaidi, ambayo wapendanao wanaijua wachache. Albert Lamorisse, Mfaransa aliyetengeneza filamu ya watoto ya The Red Balloon mwaka 1956, alibuni mtambo wa kufunga kamera kwenye helikopta ili picha isitetemeke. Mwaka 1970 alikuwa Iran akipiga filamu kutoka angani, helikopta ikaanguka, akafa. Mkewe na mwanawe walichukua kazi aliyoiacha, wakafuata maelezo yake, wakaimaliza. Ilitoka mwaka 1978, na jina lake ni Le Vent des amoureux, yaani upepo wa wapendanao.

Hatukuambii haya ili uogope kupanda. Maelfu hupanda na kushuka salama wakicheka. Tunakuambia ili uelewe kwa nini rubani anasema kamba ya simu ivuliwe shingoni, begi libaki ofisini, na hakuna kufunga kamera yako kwenye kioo bila yeye kukubali. Hata kishikizo chenye sumaku kinaweza kuipotosha dira yake. Wakati wa kuruka na kutua usimwongeleshe, usimguse bega, usimpitishie mkono usoni kutafuta selfi. Yule ana mikono miwili tu na yote ameitoa kwenu.

Kuna aina nyingine ya kuruka hapo Livingstone, vile vyombo vyepesi vya watu wawili vyenye bawa kama la tiara na panga nyuma. Huko abiria haruhusiwi kupanda na kamera kabisa, maana ikimponyoka itaingia kwenye panga. Kamera inafungwa kwenye bawa, na wewe unakwenda na macho yako. Wanaoshuka hapo hawaulizani nani amepiga nini. Wanasimuliana.

ZUNGUMZENI KABLA

Tufanye hesabu kidogo. Andaa dola za Marekani zisizopungua 150 kwa kila mmoja kwa safari fupi. Wawili ni 300. Gawa kwa dakika kumi na tano: kila dakika inawagharimu dola 20. Kuna watu wamezitumia dola hizo wakigombania pembe ya dirisha.

Kwa hiyo kaeni chini siku moja kabla, si uwanjani. Amueni nani atachukua na kwa dakika ngapi, au kama mtaiachia kamera ya helikopta. Ulizeni kampuni mapema kama ina kamera ya ndani, inatazama wapi na video ni kiasi gani, ili bei isije ikawaharibia siku mkishashuka. Mwambieni wakala kwamba ni wenza na mngependa kukaa safu moja. Akikataa kwa sababu ya uzito msimlaumu, wala msilaumiane kilo.

Kama mmoja wenu ana hofu, aseme. Mume wangu alinyamaza kwa mapenzi, na namheshimu kwa hilo, lakini tulikubaliana baadaye kwamba angesema tungechagua asubuhi, ambapo hewa huwa tulivu zaidi, na rubani angeambiwa alaze helikopta polepole. Rubani hawachekeshwi na mwoga. Wanawaona kila siku.

Jambo la mwisho ni la baada ya safari. Video ya ndani ni ya watu wawili. Kabla hujaitupia mtandaoni ili mashosti na washkaji waone, muulize aliye ndani yake. Sura ya mtu akiwa anaogopa, analia au anaomba Mungu ni mali yake. Nyingine ni za kuangaliwa sebuleni tu, taa zimezimwa.

UKITAKA KWENDA

Mji wa Livingstone uko kilomita 10 hivi kutoka kwenye maporomoko na una uwanja wake wa ndege wa kimataifa. Kutoka Dar es Salaam utaunganisha njiani. Wenye muda na bajeti ndogo wanaweza kwenda kwa barabara kupitia Lusaka. Reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 inaishia Kapiri Mposhi, kaskazini ya Lusaka, lakini ulizia kwanza kama treni ya abiria inasafiri wiki hiyo.

Chagua msimu kwa kujua unachotaka. Machi hadi Mei ni maji mengi na moshi mkubwa, na helikopta ndiyo dawa. Juni hadi Agosti maji bado ni mazuri na anga ni safi, ila beba sweta, asubuhi ni baridi. Oktoba ni joto kali na mwamba mtupu. Helikopta huruka pande zote mbili, Zambia na Zimbabwe, na mwonekano wa juu hauna mpaka.

Usiishie angani. Kelele za helikopta zinawasumbua wanaotembea chini, na ukishuka nawe utakuwa mmoja wao, kwa hiyo tembea. Vuka daraja kwa miguu, mkiwa na pasi zenu za kusafiria. Lowa pamoja. Nunueni mahindi ya kuchoma, msalimieni mama anayeyauza, "Muli bwanji?", naye ataangua kicheko kwa lafudhi yenu.

Na mkipanda, tafadhali, mwacheni rubani aendeshe, iacheni kamera itazame. Kila baada ya dakika moja mmoja wenu ageuke nyuma. Safari njema.